Rimu ya gramu 70 au 80, boksi au moja moja, na zilale wapi: nalinganisha kutokea Mbeya

Mwezi wa tatu, mvua bado inamwagika, aliingia dukani mwalimu mmoja wa upande wa Tukuyu amebeba rimu mbili ndani ya mfuko wa salfeti, moja imeshafunguliwa na nyingine nzima, nikamwamkia, marahaba yenyewe akaitoa nusu, akaanza palepale kulalamika kwamba hizi gramu sabini zinawatesa shuleni, karatasi ya tatu au ya nne lazima ikwame kwenye mashine, mitihani ni wiki ijayo, kwa hiyo wamekaa wameamua wahamie themanini hata kama hela inaongezeka. Nikamwambia mwalimu, kabla sijakuuzia hebu tuzipime kwanza. Nikaazima mizani ya dijitali kwa mama wa mchele jirani yangu, tukaweka ile nzima juu yake, kilo 2.2 na kachembe, yani sabini halali kabisa. Kisha nikachomoa karatasi moja kwenye ile iliyofunguliwa na nyingine kwenye rimu yangu niliyoifungua asubuhi ile, nikazitikisa moja baada ya nyingine karibu na sikio lake. Ya kwangu inalia kakaka kama noti mpya, ya kwake imenyamaza kama kitambaa.

Hapo ndo nikasema ngoja niandike hii kitu, maana swali la sabini au themanini naulizwa kila siku iendayo kwa Mungu na watu wa maofisini, walimu, vijana wanaoanza steshenari zao, na nusu ya rimu wanazoziita mbovu zilikuwa nzima zilipotoka dukani, zimeharibikia zilikolazwa.

Sabini, sabini na tano, themanini

Kwanza tuelewane hiyo gramu ni nini, kuna mteja aliwahi kuniuliza mbona mnasema gramu 80 wakati nikibeba rimu tatu mkono unauma. Hiyo gramu ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. A4 kumi na sita ukizipanga unapata hiyo mita moja, kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, zikiwa 500 ni kilo 2.5. Rimu ya 75 inakuja kama kilo 2.34, ya 70 kama kilo 2.18, juu yake weka gramu chache za lile karatasi la kufungia. Hizo namba tatu zishike kichwani, ukienda kununua na una wasiwasi omba mizani, muuzaji mkweli hawezi kukasirika. Ukikuta rimu imeandikwa 80 halafu inasoma kilo 2.2, basi ama ni sabini imevalishwa koti la themanini au karatasi hazijafika 500. Na hapa uwe makini, rimu ya gramu 80 yenye karatasi 450 inakaribia kabisa uzito wa rimu ya 70 yenye karatasi 500, mizani peke yake haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili, soma pembeni ya paketi imeandikwa karatasi ngapi, na kama bado una mashaka mashine yako ina kihesabio, weka rimu nzima ufotokopi uone inaishia ngapi.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu.

Sabini ni nyepesi, ni laini kidogo, bei yake inavutia. Kwa kazi ya upande mmoja, risiti za ndani, rasimu, fomu za kujaza na kutupa, mitihani ya darasani, haina shida yoyote, mi mwenyewe kopi za vitambulisho na vyeti vya kupeleka sijui wapi natoa kwa sabini na hakuna aliyewahi kurudi. Shida yake iko sehemu mbili. Ya kwanza ukiprinti pande zote mbili maandishi ya nyuma yanachungulia mbele, hasa kama kuna picha au jedwali jeusi jeusi. Ya pili ni mashine zetu. Mashine nyingi za fotokopi huku tunanunua mtumba wa Ulaya, na kule karatasi ya kawaida ya ofisi ni gramu 80, kwa hiyo imezoea kuvuta kitu kigumu kidogo, halafu ikifika kwako rola zake za kuvutia karatasi zimeshalainika kama soli ya kandambili kuukuu, zinavuta mbili kwa mpigo au zinateleza. Sabini ikikutana na rola iliyochoka ndo hapo unasikia ile tak-tak-tak halafu taa nyekundu.

Themanini imesimama vizuri, inavuka ndani ya mashine bila kujikunja, pande mbili inakubali, na mkononi mwa mteja inaonekana kitu cha maana. Barua ya ofisi, ripoti ya fild ya mwanachuo, maombi ya tenda, CV, hizi usihangaike, weka themanini.

Sabini na tano ndo ile ya katikati ambayo watu wanaipita tu rafuni. Mimi kwa shule inayofotokopi mitihani pande mbili na ina mashine yenye afya ya wastani naona ndo saizi yao, ila haipatikani kila duka na wakati mwingine tofauti yake ya bei na themanini ni ndogo mpaka haina maana.

Hesabu ya hela ifanye hivi. Tuseme tofauti ya sabini na themanini ni 1,500 kwa rimu, gawa kwa 500, ni shilingi 3 kwa karatasi. Kama wewe unauza kopi kwa 100, hiyo shilingi 3 imekuwa kelele ya bure, karatasi mbili zikikwama na tona, ule unga wa wino, iliyomwagika humo umeshakula faida ya karatasi nyingi tu. Lakini kama ni shule inatumia rimu 20 kwa muhula na yote ni upande mmoja, 30,000 ni hela, chukua sabini na ile chenji mpe fundi abadilishe rola. Kwa kweli mtu akiniambia nina 30,000 ya ziada niweke wapi, kwenye karatasi nzito au kwenye rola mpya, nitasema rola kila siku.

Jina kubwa na rimu isiyojulikana

Majina yanayozunguka maduka ya karatasi unayajua, Double A ya Thailand, PaperOne ya Indonesia, Rotatrim ya Afrika Kusini, na kuna hizi nyingine ambazo leo zipo mwezi ujao hazipo. Unachonunua kwenye jina kubwa ni kufanana, yani rimu ya leo na ya mwaka kesho zinakatwa sawa, unene sawa, unyevu wa ndani sawa. Hizi za kuja na kupotea nyingine ni nzuri kabisa, nyingine ni bahati nasibu.

Wengi wanachagua kwa weupe. Wanafungua, wanaona nyeupe ya kung'aa inayoelekea bluu, wanasema hii kali. Ule mng'ao mara nyingi ni dawa ya kung'arisha iliyowekwa kiwandani, hausemi lolote kuhusu kama itakwama au haitakwama. Mimi naangalia vitu viwili. Inyanyue karatasi moja kwenye mwanga wa dirisha, kama ndani ina mawingu mawingu, hapa nzito pale nyepesi, hiyo tona itashika kwa mabaka kwenye maeneo meusi. Halafu chukua kitambaa cheusi, hata kofia, pitisha kwenye ubavu wa rimu pale ilipokatwa. Ikibaki unga mweupe mwingi, huo unga ndo unaoenda kukaa kwenye rola na kwenye dramu, ile silinda ya ndani inayobeba tona kuiweka kwenye karatasi, baada ya rimu chache karatasi zinaanza kuteleza na wewe unasema mashine imezeeka kumbe imekula vumbi. Ukiwa tayari unayo hiyo rimu na huna namna, zipige piga ubavuni nje ya mlango kabla ya kuweka kwenye trei, na kila wiki futa rola kwa kitambaa chenye maji kidogo kisichoacha manyoya.

Kuna mzee wa Mafinga huwa anapita dukani kunilaumu kana kwamba mimi ndo waziri, anasema sisi tuna msitu wa Sao Hill, tuna kiwanda Mgololo, kwanini tunanunua karatasi Thailand. Swali ni zuri. Mgololo wanatoa zile karatasi za khaki, ngumu, za mifuko na kufungashia, na miti ya paina ndo mahali pake, nyuzi zake ni ndefu, zinashikana, hazichaniki hovyo. A4 laini ya kuprintia hawa wa Asia wanaitoa zaidi kwenye milingoti na akasia, nyuzi fupi, zinajaza vizuri karatasi inakuwa nyororo na haionyeshi upande wa pili. Milingoti nayo tunayo nikamwambia, tumeigeuza nguzo za umeme. Akacheka akanunua bahasha mbili.

Mashine ya tona na printa ya tanki

Hapa watu wanachanganya sana. Printa ya tona, iwe LaserJet ndogo au fotokopi kubwa, inayeyusha unga wa tona juu ya karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200, kwa hiyo karatasi inatakiwa ivumilie joto. Printa ya tanki inarusha wino wa maji, kwa hiyo karatasi inatakiwa isinywe ovyo. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inafaa kote kote, ila ukiwa na tanki jaribu kwanza, andika mstari mmoja mweusi mwembamba uangalie kwa karibu, kama pembeni umetoa mizizi mizizi kama mchuzi kwenye leso basi hiyo rimu ipeleke kwenye tona na tanki itafutie nyingine. Sabini kwenye tanki ukiprinti picha kubwa inajikunja mawimbi, huo ni maji tu.

Zile karatasi za kung'aa za picha, zilizoandikwa ni za inkjet, yani printa za wino wa maji, zisikanyage kabisa kwenye mashine ya tona. Mpwa wangu likizo moja aliniwekea moja kwenye LaserJet akidhani picha itatoka kali zaidi, ile ngozi ya plastiki ikayeyuka ikajiviringisha kwenye fyuza, kile kipande cha moto kinachoyeyusha tona, kama chapati imeganda kwenye kikaango, fundi aliifungua akaifunga akaniambia dada, nunua fyuza. Sikumpiga mtoto lakini alifagia duka mpaka shule zikafunguliwa.

Manila na kadi ngumu pia angalia mashine yako imeandikiwa mpaka gramu ngapi, LaserJet nyingi ndogo za HP zimeandikiwa 60 mpaka 163, ukiweka manila ya 200 na kitu unalazimisha. Kwa kava pitisha kwenye trei ya mkono, karatasi moja moja, na kama mashine ina mlango wa nyuma ufungue itoke imenyooka isipinde.

Na hii ndogo lakini inawasumbua wengi: kompyuta mpya ikiwa imewekwa saizi ya Letter, ambayo ni ya Marekani, printa inasimama na kuomba karatasi wakati trei imejaa. Letter ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297. Printa haijaharibika, badilisha kwenye seting.

Boksi au rimu moja moja

Boksi lina rimu 5, la gramu 80 ni kama kilo 12.5 na ushee. Bei ya rimu ndani ya boksi inashuka kidogo, hilo kila mtu anajua. Ila ulinganisho wenyewe uko kwenye mwendo wako. Ofisi inayomaliza rimu kila wiki ichukue boksi bila kufikiria mara mbili. Ofisi ya watu wawili inayotumia rimu moja mwezi mzima, kununua boksi wakati wa mvua bila kuwa na mahali pa maana pa kuziweka ni kujitafutia ugomvi na mashine, bora rimu mbili mbili, mpaka kiangazi.

Ujue pia kwamba boksi linalinda karatasi zisigongwe kona, kinachozuia unyevu ni lile karatasi la kufungia rimu yenyewe, kwa ndani mara nyingi limepakwa utando wa plastiki au nta. Kwa hiyo rimu iliyochanika kona tayari imeanza kunywa. Mizigo yetu inatoka Dar zaidi ya kilomita 800, inapanda mlima Kitonga, inashinda juu ya lori, turubai likitoboka hakuna anayejua mpaka boksi lifike. Ukinunua bonyeza kona zote, kona iliyolainika iache hapohapo hata kama anakupunguzia.

Zilale wapi

Sasa hapa ndo penye kazi, na hapa ndo nilipoliwa mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa biashara nilichukua maboksi kama manane kwa bei ya jumla mwezi wa kumi na moja, mvua ndo zinaanza, nikayapanga chumba cha nyuma, chini kwenye sakafu ya sementi, yameegemea ukuta. Nikajiona mjanja nimenunua kabla bei haijapanda. Mwezi wa pili nikafungua boksi la chini, mashine ikakwama, nikafungua lingine, ikakwama, maandishi yanatoka yamefifia katikati na kwingine unafuta kwa kidole tona inatoka. Nikamrudia muuzaji wa jumla nikamwaga maneno mbele ya wateja wake. Yule mzee alinyamaza tu akanipa boksi lake lingine bure, nikarudi nalo dukani, safi, halikwami. Nikasema umeona! Wiki iliyofuata fundi alikuja kusafisha mashine, akaingia chumba cha nyuma kutafuta soketi, akapitisha kiganja kwenye ukuta akanionyesha, kimelowa. Akachukua karatasi kutoka boksi la chini akaiweka mezani, kingo zake zinapanda na kushuka kama mabati. Akasema hizi zimekunywa maji dada, muuzaji hana kosa. Nilimrudia yule mzee kumwomba radhi, nikamlipa boksi lake, akaishia kunidai soda.

Kinachotokea ni hivi. Karatasi inatoka kiwandani na unyevu kidogo tu, kama asilimia 4 au 5, na inapenda hewa ambayo unyevu wake hauzidi sana wala kupungua sana, ukiwa asilimia 40 mpaka 60 hapo inatulia. Hewa ikiwa na maji mengi karatasi inayavuta kuanzia kingoni, kingo zinatanuka katikati kumebaki, ndo yale mawimbi. Ikiingia kwenye fyuza yale maji yanageuka mvuke, karatasi inakunjamana, na kabla ya hapo kule kwenye dramu tona inashindwa kurukia karatasi sawasawa kwa sababu umeme unavuja kwenye karatasi yenye maji. Kwa hiyo kukwama, mikunjo, na maandishi yaliyofifia, vyote vitatu unaweza kuvipata kwa kosa moja la ukuta wenye unyevu.

Na kinyume chake kipo. Kiangazi cha kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi hapa Mbeya upepo mkavu, midomo inapasuka, karatasi nayo inakauka kingoni, inashika umeme wa msuguano, zinang'ang'aniana, mashine inavuta mbili tatu. Hapo dawa ni kuzipepeta kabla ya kuweka, unashika bunda kona mbili unaliachia achia hewa ipite, halafu usifungue rimu nyingine mpaka ya kwanza iishe.

Ndo maana ushauri wa mtu wa mahali pengine uupokee kwa kijiko. Linganisha:

Tukuyu na milima yote ile ya Rungwe mvua inakaa muda mrefu na ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati, huko rimu isifunguliwe mpaka ihitajike, na iliyobaki kwenye trei jioni itolewe. Kyela ni joto na unyevu pamoja, kule chini ziwani, hapo hata rimu nzima usilundike nyingi. Chunya ni kukavu na kuna joto zaidi, adui yao ni vumbi na umeme wa msuguano, wao hawana haja na haya mambo ya mawimbi isipokuwa wiki chache za mvua. Makambako na Njombe ni baridi, na baridi ina mtego wake: unatoa rimu stoo asubuhi ya mwezi wa sita imekuwa barafu, unaileta kwenye chumba chenye watu na jiko la chai, unaifungua palepale, unyevu wa chumba unaganda juu ya karatasi kama mvuke kwenye chupa ya soda iliyotoka frijini. Ilete jana yake ikiwa imefungwa, ifungue kesho. Mjini Mbeya sisi tunapata nusu ya kila kitu kutegemea mwezi.

Sehemu zenyewe za kuhifadhia nazilinganisha hivi. Sakafuni hapana, hata kama ni vigae, hata kama ni siku mbili. Juu ya paleti au mbao zilizoinuliwa ni sawa, ila ziache nafasi ya kiganja na ukuta na uchungulie chini mara kwa mara, mchwa wa huku wakishaonja mbao hawaulizi bei ya karatasi. Rafu ya juu karibu na bati ni joto mchana na baridi usiku, sio pazuri. Kabati la chuma au la mbao lenye mlango, katikati ya chumba kinachotumika kila siku, hapo ndo pazuri kuliko kote kwa ofisi ndogo, maana hewa ya pale na hewa ya mashine ni moja. Stoo ya pamoja na mahindi ni mbaya mara mbili, mahindi yanapumua unyevu na yanaita panya, na panya akitaka kulalia kitu rimu ndo godoro lake. Dirishani kwenye jua pia acha, ule upande wa jua unakauka peke yake rimu inapinda kama ubao wa kitanda.

Zilaze, usizisimamishe kama vitabu, zikisimama zinapinda na hazinyooki tena. Maboksi usipange marefu, matano kwenda juu yanatosha, la chini lisiumie.

Rimu iliyofunguliwa unaweza kuirudishia karatasi lake na solotepu, inatosha kwa siku chache, lakini kwa mvua za Rungwe tafuta lile boksi la plastiki lenye mfuniko la kuwekea nguo. Ndoo haifai, nilishajaribu, A4 haiingii ikiwa imelala. Na trei, jamani, kiangazi waweza kuacha karatasi usiku kucha hakuna neno, masika toa. Baadhi ya fotokopi kubwa zina kihita kidogo cha trei, muulize fundi wako kama yako inacho na kama kimeunganishwa.

Kuhusu zile za kutumia upande wa nyuma, ofisi nyingi zinabana matumizi hivyo, mi kwenye printa ya tanki naruhusu, kwenye fotokopi hapana. Karatasi imeshapita kwenye joto mara moja imekauka na kupinda, tona ya zamani inaweza kulainika tena ndani, na kuna pini. Pini moja ya stepla ikikwaruza dramu kila kopi inatoka na mstari mweusi mpaka ubadilishe dramu.

Turudi kwa mwalimu. Nilimuuliza zinakaa wapi akasema stoo, na mahindi ya chakula cha wanafunzi. Nilimwambia themanini ikilala na mahindi nayo itakunywa, utakuwa umelipa zaidi kukwamisha karatasi nzito. Ile rimu nzima tukaifungua mbele yake, ikalia kakaka, haina neno, kumbe ni iliyofunguliwa tu ndo ilishiba, wanaifungua Jumatatu inakaa wazi mezani mpaka Ijumaa. Hiyo nikamwambia igawanye mabunda madogo madogo, yalale siku mbili kwenye chumba kikavu, sio juani, halafu utumie kwa matangazo ya upande mmoja, bunda dogo dogo kwenye trei. Kwa mitihani, kwa kuwa wanaprinti pande mbili, nikamuuzia boksi moja la 75 ambalo nilikuwa nalo, nikamwelekeza soko la Mwanjelwa akanunue boksi la plastiki la mfuniko, na nikampa namba ya fundi wa rola.

Alinipigia baada ya mitihani kusema ndaga, yani asante kwa Kinyakyusa. Zilikwama mbili tu, na moja walipofungua wakakuta pini.